Binti yangu anataka Kiarabu, mjomba wake anataka kompyuta

SWALI

Mwalimu, salaam.

Nimesoma majibu yako muda mrefu na sikudhani iko siku ningeandika mimi. Naishi Mumias, nauza chai na mandazi karibu na steji. Nina watoto watatu. Baba yao alishaenda kuoa kwingine, kwa hivyo mambo ya shule ni mimi na ndugu yangu mdogo, mwenye kibanda cha kutengeneza simu pale Kondele, Kisumu. Karo analipa yeye. Nalisema hilo mapema kwa sababu ndilo linalonifunga mdomo.

Kifungua mimba wangu, tumwite Zainabu, yuko Gredi ya 9. Shuleni wameambiwa wachague mkondo watakaofuata sekondari ya juu, masomo yao matatu ya hiari, na shule wanazotaka. Zainabu hakufikiri hata dakika. Anataka Kiarabu.

Mwalimu, huyu mtoto si wa kukariri tu. Tangu mdogo yuko madrasa, na Maalim alipoona ana kichwa chepesi akaanza kumfundisha nahwu, yaani ile sarufi ya ndani, kwa nini neno hili liishie na u na lile na a. Jioni anakaa kwenye kigoda na daftari lake huku mimi nakanda unga, anachora maneno kama mtu anayeshona. Kukhu wake, yaani bibi yake, ambaye hajui kusoma lugha yoyote humsikiliza hadi asinzie.

Mjomba wake alipopata habari alinipigia simu usiku. Akasema Kiarabu ni cha kuwa maalim, na maalim analipwa sukari na mchele. Dunia sasa ni ya kompyuta. Anasema wanaoleta simu kwake wanataka mtu wa kuwatengenezea mtandao wa biashara, wa kuwawekea kamera, wa kuwaundia programu, na hawapati. Halafu akaongeza kwamba hata kutafsiri Kiarabu siku hizi simu inatafsiri yenyewe. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, mimi nalipia mtoto atakayekuja kukutoa kwenye moshi." Ningemjibu nini?

Kuna jambo jingine ambalo sijamwambia mtu. Mimi nilifanya kazi Riyadh miaka miwili na miezi mitatu. Nilikuwa shagala, mtumishi wa nyumbani. Kiarabu ninachokijua nilikipata jikoni kwa watu: njoo, leta, safisha, haraka. Nilirudi na pesa za kujenga vyumba viwili na mgongo usiokubali kuinama. Juzi nilimwita Zainabu na kwa mazoea ya zamani nikatania, "Jibi moya," niletee maji. Akacheka akanisahihisha, "Mama, hiyo ni ya mitaani. Kwa fus'ha maji ni maa." Sikumgombeza. Niliingia jikoni nikajifungia, nikalia hadi mafuta yakaungua. Majirani nao hawasaidii. Wakimsikia anasoma wanasema, "Huyo anajitayarisha kumfuata mamake Saudia."

Matokeo yake ya shule ni hivi: Kiswahili na Kiingereza amezidisha matarajio. Sayansi amefikia matarajio. Hisabati ndiyo "anakaribia matarajio", na amekuwa akikaribia hivyo miaka miwili bila kufika.

Nilienda kuona shule mbili. Ya kwanza wana mwalimu wa Kiarabu, mzee kidogo, nilimkuta darasani na wanafunzi tisa. Ya pili wana maabara ya kompyuta na ndiyo mjomba anayoitaka. Nilichungulia dirishani nikaona mashine zimefunikwa shuka. Nilipoomba kuingia waliniambia mwenye ufunguo hayupo.

Nataka uniambie ukweli. Shule za sekondari kweli zifundishe lugha za kale wakati huu, ama hayo ni mambo ya watu wenye nafasi? Na mimi nimjibu nani kwanza, mtoto au ndugu yangu?

Mama Zainabu,
Mumias.

JIBU

Mama Zainabu, salaam nawe, na pole kwa mgongo.

Nianze na kile kilio cha jikoni, maana barua yako nzima imejengwa juu yake. Wewe na binti yako hamzungumzi lugha moja mnaposema Kiarabu. Ulichorudi nacho kutoka Riyadh ni amri. Anachokitafuta yeye kwenye kigoda ni fus'ha, lugha ya vitabu vya miaka elfu na zaidi, ambayo hakuna anayezaliwa akiizungumza nyumbani, hata huko Riyadh. Tajiri wako pia aliisomea darasani. Kwa hiyo Zainabu aliposema "maa" hakuwa anakucheka wewe, ingawa najua ilivyouma. Alikuwa amefika mahali ambapo wale waliokuamuru wenyewe hufika kwa mwalimu na daftari. Je, anajua ulichopitia kule? Barua yako inaonyesha hajui. Mwambie, kabla ya kujaza fomu ya machaguo. Mtoto wa Gredi ya 9 anaweza kubeba habari hiyo, na akiibeba atajua pia kuwajibu hao majirani.

Sasa swali la shule. Mimi ni mwalimu wa hisabati mstaafu, lakini nikiwa kijana nilikaa miaka miwili na mapadri na nikasoma Kilatini kabla sijatoroka. Somo la kwanza kabisa tulifundishwa neno la meza: mensa, mensam, mensae. Ni miaka mingi baadaye nilipogundua kwamba meza yetu yenyewe ni mensa ileile, imeletwa pwani na Wareno. Hata neno shule tumelipata kwa Wajerumani, wao kwa Warumi, na Warumi kwa Wagiriki. Kilatini hakijaniletea shilingi hata moja. Kilichonipa ni subira ya kusoma sentensi ndefu polepole hadi nione kitenzi kimejificha wapi, na subira hiyo ndiyo niliyokuja kuitumia kwenye hisabati. Siwezi kukuahidi kwamba kila mtoto hupata hivyo. Tulikuwa darasa la watu ishirini na wengi walipata usingizi tu.

Mabishano haya si mapya huku kwetu. Mwaka 1924 tume ya elimu ya Phelps-Stokes, kutoka Marekani, ilipita Kenya na kushauri Mwafrika afundishwe mambo ya kijijini kwake: kilimo, ufundi, usafi. Wazee wetu wengi walinusa hila. Waliona watoto wa wakoloni wanapewa vitabu na wao wanapewa randa, wakadai Kiingereza na vitabu. Ukifikiri, mjomba wa Zainabu leo anadai kinyume cha walichodai babu zake, na kwa sababu ileile: asiachwe nyuma. Kisha njoo Chavakali, hapo kwa Wamaragoli, shule iliyofunguliwa na Kanisa la Marafiki mwaka 1959. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kilimo na ufundi viliingizwa pale kama masomo kamili ya sekondari, kwa msaada wa Wamarekani waliokuja na walimu na vifaa. Ikaenda vizuri, na kutoka hapo kilimo kikasambaa shule nyingine.

Halafu mimi mwenyewe niliona upande wa pili. Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoingia mwaka 1985 kila shule ilitakiwa iwe na karakana. Pale nilipofundisha, wazazi waliuza kuku na mahindi, wakajenga. Mabati yakapigwa, misumeno ikanunuliwa. Mwalimu wa useremala hakuja mwaka huo, wala uliofuata. Randa zikashika kutu, na hatimaye chumba kikawa ghala la mahindi ya chakula cha mchana. Kwa miaka mingi nilipopita hapo nilisikia harufu ya mahindi na kukumbuka kuku wa watu.

Ndiyo maana uliponiambia kuhusu zile mashine zilizofunikwa shuka na ufunguo usio na mwenyewe, moyo wangu ulishtuka. Umeshaniandikia jibu na hukujua. Wanafunzi tisa mbele ya mzee anayekijua Kiarabu ni somo. Kompyuta chini ya shuka ni samani. Inawezekana nakosea, pengine mwalimu wa kompyuta alikuwa mgonjwa siku hiyo. Rudi pale siku ya kazi, katikati ya wiki, bila kuwaarifu. Uliza nani anafundisha, ameajiriwa na nani na tangu lini, na uombe kuona daftari la mwanafunzi, maana maabara yenyewe hata nami naweza kukupambia kwa saa moja. Daftari likiwa na kazi iliyosahihishwa wiki hii, nitafuta maneno yangu.

Mambo mawili ambayo mjomba hayajui, naona. Kwanza, somo la kompyuta la sekondari ya juu limo katika mkondo wa STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, na wa mkondo huo hufanya hisabati ile nzito. Mikondo mingine nayo ina hisabati ya lazima, ila nyepesi zaidi. Kiarabu kimo katika mkondo wa Sayansi za Jamii, pamoja na Fasihi, Kifaransa na wenzake. Pili, kuchagua Kiarabu si kuaga kompyuta. Matumizi ya msingi ya kompyuta yamepangiwa kila mwanafunzi wa sekondari ya juu, awe mkondo gani. Ila kuna mlango unaofungwa: anayeacha hisabati nzito akiwa na miaka kumi na tano atapata taabu akitaka uhandisi akiwa na kumi na minane. Hilo nakuambia wazi, na mjomba ana haki ya kuliogopa.

Basi tuiangalie hiyo hisabati ya "anakaribia". Miaka miwili ni mingi mno kukaribia. Ama mtoto hajafundishwa, ama kweli haielewi. Kuna njia ya kujua nayo imo nyumbani kwako. Mwombe Maalim ampe swali la mirathi. Mzee amefariki, ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike, na shamba la ekari 24. Kila mtu apate ngapi? Mke ana thumuni, moja ya nane, ekari 3. Zinabaki 21, mtoto wa kiume huchukua mara mbili ya dada yake, kwa hiyo 14 na 7. Akiliweza hilo, mpe gumu zaidi: watoto wa kiume wawili, wa kike mmoja, ekari 40. Mke 5, kila kijana 14, binti 7. Usimwonyeshe majibu. Mkalishe na kalamu, wewe endelea kukanda unga.

Swali hili sikulibuni kwa kupenda dini yenu. Al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad katika karne ya 9 kitabu kilichotupa neno aljebra, alitenga sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa mirathi, kwa sababu ndiyo hesabu iliyokuwa ikiwatesa watu. Na jina lake, baada ya kupindwa na Walatini, ndilo lililozaa neno algorithimu linalotajwa kila siku na watu wa kompyuta. Kompyuta yenyewe inaendeshwa kwa sifuri na moja, na sifuri ni sifr. Sisemi haya ili Kiarabu kionekane cha kisasa. Nasema kwa sababu mjomba anadhani mtoto amesimama kwenye njia panda, kushoto msikiti, kulia Kondele.

Tena muulize mjomba atazame lile daftari la nahwu. Mtoto hupewa herufi tatu, k, t na b, pamoja na vipimo vya kuzitia, akatoa kitabu, katibu, maktaba na katiba. Anashika kanuni moja, anaipa herufi mpya, anajua kitakachotoka kabla hakijatoka. Mimi niliyefundisha hisabati maisha yangu yote ningependa sana kupata darasa la watoto wanaofanya hivyo kwa hiari, jioni, kwenye kigoda. Huenda akiulizwa hesabu kwa sauti hiyo ataijibu. Huenda pia asijibu. Watoto hawako kama vitabu vinavyosema, ndiyo maana nataka ufanye lile jaribio la ekari.

Kuhusu simu inayotafsiri: kweli inatafsiri, na siku nyingine inatafsiri vizuri. Lakini mwambie ndugu yako kwamba hiyohiyo akili unde inaandika programu pia, tena kwa haraka. Kama panga hilo limemkata mfasiri, litamkata na mwandishi wa programu asiyejua anachoandika. Wote wawili watakaobaki ni wale wanaoweza kusoma kilichotoka kwenye mashine na kusema, "Hapa umedanganya." Kwa Kiarabu cha fus'ha wa kusema hivyo huku Magharibi mwa Kenya ni wachache. Hati za tenzi zetu za Kiswahili kutoka Pate na Lamu, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, ziko London na Hamburg, na wanaoweza kuzisoma hapa nchini wanazeeka. Sikuahidi mshahara. Kazi ya kufundisha ipo, ya kutafsiri ipo, na zote mbili zinataka cheti cha juu kuliko cha sekondari, jambo linalohitaji karo ndefu zaidi ya hiyo mnayobishania sasa.

Kwa hiyo umjibu nani kwanza? Mjibu ndugu yako, na umjibu kwa heshima, maana pesa zake ni za jasho na hofu yake ni ya upendo. Usimwambie umekataa kompyuta. Mwombe amchukue Zainabu likizo zote kwenye kile kibanda cha Kondele. Afungue simu, ashike chuma cha kuchomelea, apokee wateja, aandike hesabu za siku. Ataelewa kazi ya mjomba kwa mikono kuliko ambavyo zile mashine za chini ya shuka zingemwelewesha. Nilikuwa na mwanafunzi mmoja aliyejifunza umeme kwa likizo nne kwa fundi wa redio, na darasani alikuwa wa fasihi. Mjomba naye atamjua mpwa wake, jambo ambalo karo peke yake halimpi mtu.

Akifaulu swali la ekari, kaeni wote watatu, mtoto akiwemo, muulizane kama anautaka mlango wa STEM uendelee kuwa wazi. Akisema ndiyo, tafuteni shule nyingine yenye mwalimu wa kompyuta anayeonekana, Kiarabu kibaki kwa Maalim jioni na Jumamosi. Akisema hapana, au ekari zikimshinda, jaza Kiarabu bila aibu na umtafutie mtu wa kumwongoza hisabati iliyobaki. Mimi ningekuwa mzazi, kwa hali ya shule hizo mbili ulivyozieleza, ningejaza ile ya mzee na wanafunzi tisa. Ila uliza pia mzee huyo anastaafu lini. Akiondoka mwakani na hakuna wa kumrithi, na yeye atakuwa shuka jingine.

Usichague kwa jina la shule. Omba orodha ya michanganyiko ya masomo wanayoifundisha kweli, maana shule inaweza kuwa na somo na isiwe na mchanganyiko unaoutaka. Na siku mwalimu mkuu atakapoingiza chaguo la Zainabu kwenye mtandao, funga biashara asubuhi hiyo, nenda ukasimame nyuma ya kiti chake, usome kila anachobofya kabla hajatuma.

Mwalimu